Namba ya Asubuhi Inahukumu Sindano ya Jana

Binti yangu ana kisukari cha aina ya kwanza, na mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Tanga. Mambo hayo mawili yakikutana katika nyumba moja, watu hudhani kazi imekwisha. Mara kwa mara ndugu au mwalimu mwenzangu hunitumia kiungo cha programu ya simu inayoahidi kukokotoa dozi ya insulini: unaingiza sukari uliyopima, unaingiza chakula, inakupa idadi ya yuniti. "Mwalimu, hii si inakufaa kabisa?" Jibu langu ni refu kuliko ujumbe wa WhatsApp, ndiyo maana naliandika hapa.

Programu hizi nazipenda, na nimezifuatilia kwa bidii. Lakini kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hesabu ya insulini ni nyepesi, na kompyuta iliimudu zamani sana. Kilicho kizito ni kuipata namba ya saa inayotakiwa, kisha kujua namba hiyo inashuhudia nini. Na hapo ndipo familia nyingi za kwetu zimekwama. Ombi moja kabla sijaendelea: namba zote za humu ni za kuelezea tu. Usimchome mtu dozi kwa sababu umeisoma kwenye blogu.

Tuanzie kwenye daftari. Kliniki ya watoto tunayohudhuria inampa kila mtoto daftari lenye jedwali. Mstari mmoja ni siku moja, na safu zake ni kabla ya chai, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya chakula cha jioni na kabla ya kulala. Mzazi hulisoma kama anavyosoma kitabu, kutoka kushoto kwenda kulia: Jumatatu ilikuwaje, Jumanne ilikuwaje. Sista wa kliniki yetu hulisoma kwa kushuka. Huweka rula wima, akafunika safu nyingine zote, akabaki na asubuhi peke yake: 11.4, 10.8, 12.1, 11.0, kwa vipimo vyetu vya milimoli. Halafu husogeza rula hadi jioni: 6.2, 7.1, 5.8, 6.6. Kalamu yake nyekundu huzungushia safu nzima, haihangaiki na namba moja iliyoruka.

Wakati huo binti yangu alikuwa akichoma sindano mbili kwa siku za insulini ya mchanganyiko, ile yenye asilimia 30 ya insulini ya haraka na asilimia 70 ya insulini ya taratibu. Sista alinyoosha kidole kwenye safu ya asubuhi. "Baba, hii namba haisemi lolote kuhusu sindano ya asubuhi. Anapima kabla hajachoma. Hii inaeleza habari za sindano ya jana jioni."

Sentensi hiyo ina uzito kuliko programu nyingi nilizowahi kuzifungua. Kila kipimo kinatazama nyuma. Sukari ya kabla ya chakula cha mchana inahukumu insulini ya haraka ya asubuhi. Ya kabla ya chakula cha jioni inahukumu insulini ya taratibu ya asubuhi. Ya kabla ya kulala inahukumu insulini ya haraka ya jioni, na ya alfajiri inahukumu ile ya taratibu iliyochomwa usiku uliopita. Ukishalijua hilo, unasubiri siku tatu hivi uone kama safu inarudia tabia yake, ndipo unagusa dozi, tena kidogo kidogo. Isipokuwa sukari ikishuka. Hapo hungoji siku tatu.

Kwa hiyo kwa safu ile ya asubuhi, kanuni ilikuwa wazi: ongeza sindano ya jioni. Programu yoyote iliyojengwa juu ya kanuni hiyo ingesema hivyo hivyo, na isingekuwa imekosea hesabu. Sista hakuongeza. Alifungua kabati, akatupa stripu za ziada, vile vibanzi vya kupimia sukari kwa tone la damu ya kidole, akasema tumwamshe mtoto saa nane usiku kwa siku chache tumpime. Insulini ya taratibu iliyomo kwenye mchanganyiko, ikichomwa magharibi, hufikia nguvu zake katikati ya usiku kisha hufifia kuelekea alfajiri, wakati uleule ambao mwili wenyewe humwaga homoni zinazopandisha sukari. Vipimo vya saa nane vilikuja 4.3, 4.6, 4.1. Mtoto aliyekuwa akiamka na 11 alikuwa amepita pembezoni kabisa mwa kushuka akiwa usingizini. Kuongeza hata yuniti mbili jioni kungemfikisha chini ya 4, ambako sukari huhesabiwa kuwa imeshuka mno, wakati nyumba nzima imelala.

Daktari alizitenganisha. Insulini ya haraka peke yake kabla ya chakula cha jioni, na ile ya taratibu ikasogezwa hadi saa nne usiku, anapopanda kitandani. Sindano ziliongezeka kutoka mbili hadi tatu, lakini jumla ya yuniti haikupanda. Safu ya asubuhi ikatulia taratibu, ikawa inacheza kati ya 7 na 9.

Niliporudi nyumbani nilijiuliza ni kompyuta gani ingeligundua hilo. Jibu ni kwamba yoyote ingeligundua, kama ingekuwa na vipimo vya saa nane usiku. Bila hivyo hakuna hata moja. Stripu chache kutoka kabatini zilishinda akili zote ambazo mtu angeweza kuzipanga ndani ya mashine.

Kanuni za sista zina historia yake. Mwaka 1981 Jay Skyler na wenzake wa Miami, Marekani, walichapisha utaratibu wa kumwezesha mgonjwa anayejipima nyumbani kurekebisha insulini yake mwenyewe: ukiona hiki kwenye safu hii, gusa dozi ile. Ilikuwa programu ya kompyuta tayari, ila iliendeshwa na binadamu mwenye kalamu. Kisha mwaka 1993 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao DCCT, uliowafuata watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza nchini Marekani na Kanada. Nusu walitibiwa kwa kawaida ya wakati ule. Nusu nyingine walichoma sindano tatu au zaidi kwa siku, au walitumia pampu ya insulini, wakapima angalau mara nne kila siku na kurekebisha dozi muda wote. Kwa wale walioanza bila madhara ya macho, hatari ya macho kuanza kuharibika ilipungua kwa asilimia 76. Lakini kushuka kwa sukari kwa kiwango cha hatari kuliongezeka karibu mara tatu.

Matokeo hayo yalitwisha familia mzigo mpya. Kumbe kurekebisha dozi kila mara kunaokoa macho, figo na neva, na kumbe pia kunaweza kumwangusha mtoto. Kazi ambayo zamani ilifanywa na daktari kwa mwezi mara moja ikawa ya kila siku, mezani, karibu na sahani ya ugali. Ni halali kabisa watu kutaka mashine iwasaidie.

Kuna kanuni moja ambayo huwaandikia wanafunzi wangu ubaoni tunapofika kwenye mlinganyo wa mstari mnyoofu. Ni ya programu iitwayo Glucommander, ambayo Paul Davidson na wenzake wa Atlanta walianza kuitumia mwaka 1984 kwa wagonjwa waliolazwa na kupewa insulini kwa dripu. Wao hupima kwa miligramu, ambazo hupatikana ukizidisha vipimo vyetu vya milimoli kwa 18. Chukua sukari ya mgonjwa, toa 60, zidisha kwa 0.02. Jibu ni yuniti za insulini kwa saa moja. Mwenye 360, yaani 20 kwa vipimo vyetu, anapata yuniti 6 kwa saa. Akishuka hadi 160 anapata 2. Akifika 60 anapata sifuri. Saa inayofuata anapimwa tena. Kama sukari haishuki inavyotakiwa, ile 0.02 inakuwa 0.03. Ikishuka kupita lengo, inakuwa 0.01. Wanafunzi huona mara moja kinachotokea: mteremko wa mstari unabadilika kumfuata mgonjwa, lakini mahali mstari unapokata mhimili, pale kwenye 60, hapaguswi. Mwaka 2005 walichapisha matokeo ya kuitumia zaidi ya mara 5,800.

Mashine hiyo haikumjua mgonjwa hata kidogo. Haikuuliza uzito wake wala alikula nini. Ilijifunza kutokana na kipimo kilichofuata. Kutoa, kuzidisha, kuangalia, kurekebisha. Lakini ilihitaji muuguzi wa kumtoboa mgonjwa kidole kila saa, usiku na mchana. Hekima yote ya kanuni ile imo katika kile kidole.

Programu za simu ninazotumiwa ni za aina nyingine, zinakokotoa dozi ya mlo mmoja. Tuseme mtoto anatumia jumla ya yuniti 33 kwa siku. Madaktari wengi huanza na makadirio: 500 gawanya kwa 33, unapata kama 15, yaani yuniti moja kwa gramu 15 za wanga; 100 gawanya kwa 33, unapata kama 3, yaani yuniti moja inashusha sukari kwa 3. Akiwa na sukari 13, lengo likiwa 7, na sahani yenye gramu 60 za wanga, dozi ni 4 za chakula na 2 za kushusha, halafu unatoa insulini ya mlo uliopita ambayo bado inafanya kazi mwilini. Ni hesabu ya darasa la sita.

Hata hivyo mwaka 2015 watafiti wa Imperial College London walizichunguza programu 46 za aina hiyo, wakakuta kwamba asilimia 67 zingeweza kumpa mtumiaji dozi isiyofaa. Programu 42 kati ya 46 hazikuwa na kizuizi cha kukataa namba isiyo na maana. Zaidi ya nusu zilikubali kukokotoa hata kama sehemu ya taarifa haikujazwa. Nilipoyasoma hayo nilifikiria mtu anayeingiza 7.0 katika programu iliyopangwa kwa miligramu, au anayebonyeza 130 badala ya 13.0 huku mkono unatetemeka. Mwanafunzi wangu akikosea nukta ya desimali anapoteza alama moja. Hapa nukta hiyo ni maisha ya mtu.

Na kuna jambo ambalo waandishi wengi wa programu hizo hawalioni kwa sababu halipo karibu nao. Kikokotoo cha mlo kinadhani mtoto ana insulini mbili tofauti, moja ya kila mlo na nyingine ya kutwa nzima. Mtoto wa insulini ya mchanganyiko hawezi kuongeza ya haraka bila kuongeza ya taratibu ndani ya bomba lilelile. Akiongeza asubuhi kwa sababu ya maandazi, atakutana na nyongeza hiyo tena alasiri. Programu itampa namba safi, na namba hiyo haitahusiana na chupa aliyoishika mkononi.

Ndiyo maana iliyonigusa kuliko zote ni ya zamani. Inaitwa AIDA. Waliitengeneza Eldon Lehmann na Tibor Deutsch, ikawekwa kwenye intaneti bure mwaka 1996. Ndani yake mna wagonjwa 40 wa kubuni, kila mmoja na uzito wake, milo yake, sindano zake, na namna ini na misuli yake inavyoitikia insulini. Unabadilisha dozi au saa ya sindano, programu inakuchorea sukari ya saa 24 na insulini iliyomo kwenye damu chini yake. Wenyewe walisema wazi kwamba si ya kumpangia mgonjwa halisi dozi. Ni ya kufundishia. Na kwa kuwa ilitengenezwa kabla insulini mpya hazijaenea, insulini inazozielewa ni zile za haraka na za taratibu za enzi ile, ambazo ndizo zilizomo kwenye friji yetu hadi leo.

Nilikaa nayo na binti yangu jioni moja. Nilimchagulia mgonjwa mwenye sindano ya jioni ya pamoja, nikamwambia aisogeze ile ya taratibu mbele kidogo kidogo. Aliangalia bonde la mstari likitoka katikati ya usiku na kusogea kuelekea asubuhi, na kilele cha alfajiri kikiinama. "Baba, kumbe ndicho walichonifanyia mimi." Akaanza kuchezea mgonjwa mwingine bila kuambiwa. Alimwongezea insulini hadi mstari ukazama, akampa chakula, akaona chakula kimechelewa. Hakuna aliyeumia. Kwa mtoto atakayeishi na ugonjwa huu maisha yake yote, nafasi ya kujaribu bila kuumia ni kitu kikubwa sana.

AIDA haijui mazoezi, na hapo huwezi kuilaumu, kwa sababu hata binadamu hubabaika. Shuleni kwa binti yangu kuna mchakamchaka asubuhi. Siku ambayo wamekimbia, kipimo cha mchana kinakuwa chini. Jumamosi na Jumapili kinapanda. Ukizichanganya siku zote ukatafuta wastani, unapata namba nzuri ya kati ambayo haikuwahi kutokea siku yoyote. Sista aliweka alama ndogo ya M pembeni ya kila siku ya mchakamchaka, na ghafla safu moja ikawa safu mbili zenye tabia mbili. Nashangaa kwa nini programu nyingi zina sehemu ya kuweka picha ya chakula lakini hazina sehemu ya herufi moja kama hiyo.

Sisemi kwamba mashine hazifanyi kazi. Mwaka 2020 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa vijana 108 wenye umri wa miaka 10 hadi 21. Kundi moja lilirekebishiwa dozi na programu, jingine na madaktari bingwa wa vituo vikubwa. Baada ya miezi sita, muda ambao sukari ilikaa ndani ya lengo ulikuwa karibu sawa: asilimia 50.2 kwa programu, 51.6 kwa madaktari. Lakini wote walikuwa na pampu na kihisi kinachosoma sukari muda wote, vitu ambavyo hapa kwetu ni nadra. Utafiti mwingine, uliotoka katika The Lancet mwaka 2019, naona uko karibu zaidi na hali yetu. Watu wazima 181 wenye kisukari cha aina ya pili walifuatiliwa kwa miezi sita, baadhi yao wakitumia kifaa kiitwacho d-Nav kinachosoma vipimo vya kawaida vya kidole na kubadilisha dozi hata kila wiki. Kipimo chao cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kilishuka kwa pointi 1.0, na cha wenzao kwa 0.3. Wote walikuwa wakihudumiwa na kliniki kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo kidole na stripu vinatosha kuilisha mashine, mradi stripu zipo na nyuma ya mashine yuko mtu wa kumpigia simu.

Basi kwa vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko wanaoandika programu za afya, na najua baadhi yenu mnasoma hapa, naomba mambo haya. Tengenezeni itakayokubali insulini ya mchanganyiko kama ilivyo, bila kulazimisha mlo uwe na sindano yake. Isome safu, isisome mistari. Ikionyesha pendekezo, ieleze kwa Kiswahili ni vipimo vipi vimeifikisha hapo, ili mama aliyeko Handeni aweze kulibishia pendekezo hilo mbele ya daktari. Ikose ujasiri pale inapostahili: vipimo viwili kwa siku vikiwa ndivyo vilivyopo, iseme haiwezi kushauri dozi, na itaje ni kipimo cha saa ngapi ambacho kingeisaidia zaidi. Mtu akiwa na stripu chache za wiki nzima, hilo la mwisho pekee lingebadilisha matibabu yake, maana stripu ya saa nane usiku mara moja inaweza kuzidi stripu saba za asubuhi zinazosema jambo lilelile. Ikatae namba isiyowezekana. Iweke herufi M. Ifanye kazi bila bando.

Na kabla ya simu, kliniki. Kabati la sista huwa tupu baadhi ya miezi, na miezi hiyo safu zote hubaki nyeupe. Hakuna programu itakayosoma karatasi nyeupe. Wanaotafuta ufadhili wa programu waombe na stripu katika barua ileile.

Aliye tayari kuanza aniandikie. Daftari la binti yangu lote, bila jina lake, tumekubaliana naye kulitoa kwa majaribio, pamoja na vipimo vya usiku na alama za mchakamchaka. Sista naye amesema atakaa na mwandishi huyo baada ya kliniki ya Alhamisi, na rula yake, amwonyeshe anavyosoma.